Anayewafundisha Wenzake Wimbo: Mwongozo kwa Kijana wa Simiyu Anayeuwazia Ualimu

Kila siku ya shule, kuanzia Bariadi mjini hadi vijiji vya mbali vya Meatu, wanafunzi husimama mstarini na kuimba wimbo ambao muziki wake ulitungwa na mwalimu. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Mwaka 1897 aliwatungia wanafunzi wake wimbo. Alifariki mwaka 1905, miaka mingi kabla muziki ule haujawa wimbo wetu wa taifa tulipopata uhuru mwaka 1961. Wazambia nao wanauimba kwa maneno yao, na Waafrika Kusini wameuingiza katika wimbo wao wa taifa.

Kwa majirani zetu hali ni hiyohiyo. Wimbo wa taifa wa Uganda wa mwaka 1962 ulitungwa na George Wilberforce Kakoma, mwalimu wa muziki. Ule wa Kenya ulitokana na wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, kando ya mto Tana, huwabembelezea watoto. Mwaka 1963 kamati ya watu watano iliufanya uwe wimbo wa nchi, na ndani ya kamati hiyo walikuwemo walimu wa muziki kama Graham Hyslop na George Senoga-Zake.

Nimeanza na habari hizi kwa sababu kijana wa mkoa wetu anayependa kuimba huambiwa kwamba ana njia mbili tu: awe msanii wa kurekodi, au aachane na nyimbo atafute kazi ya maana. Ipo njia ya tatu, nayo ni ya heshima na manufaa makubwa. Kwaya ya shule, ngoma, ngonjera na halaiki vinaweza kukuonyesha mapema kwamba una kipaji cha kufundisha. Mwongozo huu unakusaidia kuitambua dalili hiyo, kuijaribu ukiwa bado shuleni, kuchagua masomo na chuo, na kuutumia muziki utakaposimama mbele ya darasa lako.

1. Jipime: unafurahia nini hasa?

Jambo la kwanza ni kujua kinachokuvuta kwenye kwaya. Chukua jioni ya mazoezi kuelekea mahafali. Madawati yamesogezwa ukutani, mwalimu wa kwaya ameitwa ofisini. Kila wakifika kwenye kiitikio, wavulana wa teno wanapotea na kuifuata soprano. Wengine wanacheka, wengine wanasema turudie tu, na wakirudia wanapotea palepale.

Mwanafunzi mmoja anawavuta teno pembeni. Anawaimbia kipande kile polepole bila maneno, kwa la-la-la. Kisha anamsikiliza mmoja mmoja, na kugundua kwamba waliopotea ni wawili tu, tena wanakosea noti moja: wanapanda mahali wanapotakiwa kubaki. Ananyoosha kiganja usawa wa kifua kuwaonyesha kwamba sauti haipandi hapo. Mara ya kwanza wanakosea, mara ya pili mmoja anapata, mara ya tatu wote wawili wanashika. Wakirudi kundini kiitikio kinakaa sawa, naye anafurahi kuliko siku aliyoimba peke yake mbele ya mgeni rasmi.

Kama mwanafunzi huyo anafanana na wewe, zingatia. Alichokifanya ndiyo kazi ya mwalimu: kusikia kosa, kutafuta chanzo chake, kuligawa jambo kubwa liwe dogo, kubadili namna ya kueleza, kisha kuhakikisha kwamba mwenzako amepata. Mwalimu wa Hisabati anafanya hayohayo akiwa na chaki mkononi.

Jiulize maswali haya, na uyajibu kwa ukweli:

- Mwenzako akikosea, unataka kujua kwa nini anakosea badala ya kukereka?
- Unaweza kurudia kipande kilekile mara nyingi bila kumkaripia mtu?
- Watoto wa nyumbani au wa mtaani hukufuata uwafundishe nyimbo na michezo?
- Wimbo ukipendeza, unafurahi hata kama sauti yako haikusikika zaidi ya za wengine?

Ukijibu ndiyo kwa mengi kati ya hayo, una sababu nzuri ya kuufikiria ualimu. Ukigundua kwamba unachopenda zaidi ni kusikika wewe, hiyo nayo si aibu. Huenda wewe ni mwanamuziki kwanza. Na mambo hayo mawili hukaa pamoja. Hukwe Zawose, mpiga zeze na ilimba wa Kigogo aliyeusikilizisha ulimwengu muziki wa Tanzania, alikuwa pia mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo.

2. Jifunze kwa Wagika na Wagalu

Ukiishi Usukuma, huhitaji kusafiri mbali kuona ufundi wa kuwashika watu. Baada ya mavuno, pamba ikishauzwa na kazi za shamba zimepungua, makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu hushindana. Kila kundi lina ningi wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Watazamaji wako huru kwenda watakako, na kundi linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo linalohesabiwa kuwa limeshinda.

Ndiyo maana ningi hawezi kuimba huku amefumba macho. Akiona shingo zinaanza kugeukia upande wa pili, anabadili wimbo, anaingiza habari inayozungumzwa kijijini, anawaita wachezaji wenye kituko, au analeta mchezo wa nyoka. Anawasoma watu huku akiimba.

Darasani mwanafunzi hana uhuru wa kuinuka aende kwa mwalimu wa pili. Mwili wake utabaki kwenye dawati hata kama somo limemshinda, ila akili yake itakuwa imeondoka zamani. Mwalimu mzuri huona inapoanza kuondoka, naye hubadili njia kabla darasa halijampotea. Jicho hilo unaweza kuanza kulizoeza sasa. Siku utakapokwenda kwenye ngoma, simama mahali unapowaona watazamaji badala ya wachezaji. Angalia wanasogea wakati gani, wanachoka wakati gani, na ningi anafanya nini wanapochoka.

Kisha nenda kwa wazee. Usukuma una nyimbo za kazi nyingi. Bugobogobo, ngoma ya majembe, imetokana na kilimo cha pamoja, pale wimbo ulipowafanya watu wengi wapige jembe kwa mpigo mmoja na kusahau jua. Wigashe huimbwa watu wakiwa wamekaa. Mwendee mzee kwa adabu: "Shikamoo babu. Naomba unifundishe wimbo mmoja mliokuwa mkiulimia ujanani, na unieleze uliimbwa kwenye kazi gani." Omba ruhusa kabla ya kuandika au kurekodi kwa simu. Kuna mambo ya ndani ya makundi ya ngoma, hasa yanayohusu dawa zao, ambayo hayaelezwi kwa mgeni. Mzee akinyamaza, usimlazimishe. Tazama pia jinsi anavyokufundisha. Wazee wengi hawaanzi kwa maelezo: huimba, hukuacha uitikie, na hukurekebisha wimbo ukiendelea.

Ukisafiri kwenda Mwanza kwa njia ya Lamadi na Magu utapita Kisesa, na hapo karibu ipo Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeupenda muziki wa Wasukuma na kuukaribisha kanisani. Huko ndiko inakofanyika sherehe ya Bulabo, yenye mashindano ya ngoma, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Shule yenu ikipanga ziara ya mafunzo, pendekeza Bujora.

3. Fundisha wimbo mmoja, hatua kwa hatua

Kupenda kufundisha hujulikana kwa kufundisha. Usisubiri chuo. Tafuta kundi dogo la watoto: shule ya Jumapili, madrasa wanakojifunza kaswida, au darasa la chini katika shule ya msingi ya jirani, kwa ruhusa ya mwalimu wao. Kisha fuata hatua hizi.

1. Chagua wimbo mfupi wa mistari minne hivi, usiopanda juu sana wala kushuka sana. Wimbo unaokutoa jasho wewe hautawafaa watoto wa darasa la pili.

2. Uimbe wote mwenyewe mara mbili, wao wakisikiliza tu. Mtoto anahitaji kuusikia mzima kabla ya kupewa vipande.

3. Eleza maneno magumu. Watoto wengi wa vijijini kwetu huingia shuleni wakiwa na Kisukuma kilichokamilika na Kiswahili kinachoanza. Neno ambalo kwako ni jepesi, kwao linaweza kuwa geni kabisa. Waonyeshe kwa mikono, au waambie kwa Kisukuma.

4. Anza na mapigo. Wapige makofi au wakanyage chini taratibu mpaka wote wawe pamoja. Ndipo maneno yaingie juu yake.

5. Imba mstari wa kwanza, waitikie. Imba wa pili, waitikie. Unganisha wa kwanza na wa pili kabla ya kugusa wa tatu.

6. Nyamaza usikilize. Hatua hii viongozi wengi wa kwaya huiruka. Anayeimba muda wote pamoja na kundi husikia sauti yake mwenyewe na kudhani wote wamepata. Funga mdomo, tembea katikati yao, inama karibu na kila mstari. Ndipo utakapojua nani anaimba, nani anachezesha midomo tu, na nani amepotea.

7. Sahihisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukisema "hamtamki vizuri, mnakimbia, na huku nyuma mnashuka," hawatajua waanze na lipi.

8. Siku nyingine warudie bila wewe kuwaanzishia. Walichokumbuka ndicho ulichowafundisha. Kilichopotea ulikuwa bado unakiimba wewe.

Baada ya kila zoezi andika kwenye daftari mambo matatu: nini kilishika haraka, nini kilikataa, na ulibadili nini. Daftari hilo litakufaa kuliko unavyodhani. Chuoni utafundishwa kuandaa andalio la somo na kufanya tathmini ya somo, na utakuwa umeshazoea kufikiri hivyo. Siku ukiulizwa kwenye usaili kwa nini unataka kuwa mwalimu, utakuwa na la kusema kuhusu watoto halisi, tofauti na yule anayesema tu kwamba anapenda watoto.

4. Jifunze kusoma solfa

Kwaya nyingi za Tanzania, za kanisani na za shuleni, husoma muziki kwa solfa: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu ulienezwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen, aliyeujenga juu ya kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich aliyetaka watoto wasome muziki bila kuchoshwa na alama nyingi. Wamisionari wakauleta Afrika, ukakubalika, kwa kuwa hauhitaji kinanda wala umeme. Karatasi, kalamu na masikio vinatosha. Kwa shule isiyo na ala hata moja, huo ni utajiri.

Anza na sauti tatu: d, m, s. Ziimbe kupanda na kushuka mpaka uweze kuruka kutoka moja hadi nyingine bila kukosea. Kisha ongeza r, halafu f na l, na mwisho t. Dakika chache kila siku zinatosha. Ukishazoea, mwombe mwalimu wa kwaya wa kanisani nakala ya wimbo unaoujua kwa moyo, na ufuatishe herufi kwa kidole huku ukiimba. Utaona nukta mbili zinatenganisha mapigo, kistari kinaendeleza sauti iliyotangulia, na mstari wima unaonyesha mwanzo wa kila fungu la mapigo.

Mazoezi yakikukolea, jaribu kazi ngumu zaidi: chukua ule wimbo wa kulimia uliofundishwa na mzee, uuandike kwa solfa. Utagundua kwamba baadhi ya sauti za wazee hazikai sawasawa kwenye d, r, m. Andika kilicho karibu, kisha weka alama mahali panapokataa. Kijana anayeweza kusikia tofauti hiyo anawaheshimu wazee wake kwa masikio.

5. Chagua njia ya masomo

Hapa tuseme wazi. Shule za sekondari zinazofundisha Muziki kama somo la mtihani ni chache nchini, kwa hiyo nafasi zinazotangazwa kwa jina la mwalimu wa muziki nazo ni chache. Usitundike maisha yako yote kwenye nafasi hiyo moja. Njia ziko tatu.

*Ualimu wa shule ya msingi.* Huku ndiko wimbo unakofanya kazi nyingi zaidi, kuanzia darasa la awali na masomo ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo, na shule zinahitaji walimu wanaolifundisha kwa moyo, wasiolifanya kipindi cha kupumzika. Njia ya kawaida ni stashahada ya ualimu. Chuo cha Ualimu Butimba, jijini Mwanza, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuandaa walimu wa muziki, sanaa na michezo.

*Ualimu wa sekondari.* Utahitaji masomo mawili ya kufundishia. Anayependa muziki huweza kung'ara katika Kiswahili, kwa kuwa ushairi, ngonjera na nyimbo ni fasihi, na anayesikia mapigo huona mizani upesi. Historia na Jiografia nazo zinafaa. Kama una uwezo wa Fizikia au Hisabati, usizikimbie eti kwa sababu wewe ni mtu wa kwaya. Walimu wa masomo hayo wanahitajika sana, na mada ya mawimbi ya sauti hufundishwa vizuri zaidi na mtu aliyewahi kukaza ngozi ya ngoma motoni. Shahada za ualimu zinatolewa na vyuo vikuu vingi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vyake vishiriki vya DUCE na MUCE, Chuo Kikuu cha Dodoma, na karibu nasi Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza.

*Ualimu wa muziki wenyewe.* Kwa anayetaka kuzama, ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha muziki katika fani zake za sanaa, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, kina shahada ya muziki, na Unguja kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Ukipita njia hii, hakikisha unapata pia sifa za ualimu. Kujua kupiga ala ni kitu kimoja, na kumfundisha mtoto kuipiga ni kitu kingine.

Njia yoyote utakayochagua, mambo haya yafanye mapema:

- Ongea na mwalimu wa taaluma na mwalimu wa ushauri nasaha ukiwa kidato cha tatu, kabla hujachelewa kubadili masomo.
- Usiache ufaulu ushuke kwa sababu ya kwaya. Chuo kitaangalia matokeo yako ya Baraza la Mitihani kabla ya kusikia sauti yako.
- Fuatilia cheti chako cha kuzaliwa RITA sasa hivi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukihitaji, na vijana wengi huanza kukitafuta dirisha la maombi likiwa linakaribia kufungwa.
- Soma tangazo la Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia kwa ngazi ya stashahada, na mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada, vyote vya mwaka huohuo unaoomba. Sifa hubadilika, usitegemee alichofanya kaka yako miaka ya nyuma.
- Ujue kwamba ajira za serikali huombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na kuna usaili. Shule binafsi nazo huajiri, na nyingi hupenda mwalimu anayeweza pia kuongoza kwaya.

6. Zungumza na wazazi

Mzazi aliyelima pamba ili upate mahitaji ya shule ana haki ya kuuliza nyimbo zitakufikisha wapi. Usikasirike. Chagua wakati ambao hana haraka, jioni baada ya chakula, wala usimkabili katikati ya msimu wa kuvuna.

"Baba, naomba unisikilize kidogo kuhusu masomo yangu. Nataka kusomea ualimu."

"Ualimu ni jambo jema. Lakini mwanangu, muda wote uko kwenye kwaya. Kwaya na ualimu vinahusiana nini?"

"Kwenye kwaya ndiko nilikogundua kwamba naweza kufundisha, baba. Nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili wimbo mzima na wameuimba bila mimi. Mwalimu wao alikuwepo, unaweza kumuuliza. Nyimbo sitaziacha, ila cheti ninachokitafuta ni cha ualimu."

Maneno ya namna hii hufanya kazi kwa kuwa yana ushahidi. Nenda na matokeo yako ya muhula, nenda na daftari, na mtaje mtu mzima aliyekuona ukifundisha.

Kwa wasichana kuna jambo jingine la kuzungumza bila kuona haya: muda. Mazoezi yanayoisha giza limeingia, kisha safari ndefu ya miguu kurudi nyumbani, ni hatari, na mzazi anayekataa kwa sababu hiyo ana haki. Mwombe mwalimu mazoezi yafanyike mchana au yaishe mapema, rudini kwa kundi, na nyumbani wajue saa ya kukutarajia. Kipaji cha msichana kisipotee kwa jambo ambalo ratiba nzuri ingelitatua.

7. Utakaposimama mbele ya darasa

Siku itafika utaingia kwenye mazoezi ya kufundisha, na mbele yako kutakuwa na darasa lililojaa. Hapo muziki unageuka kuwa zana.

*Katika lugha.* Kisukuma asilia hakina sauti ya r, kwa hiyo watoto wengi huchanganya l na r. Usiwacheke, wala usiruhusu wenzao wawacheke. Tunga wimbo mfupi wenye maneno kama kula na kura, mahali na mahari. Uimbeni polepole, ulimi ukitetemeka panapotakiwa, kisha haraka. Ndani ya wimbo mtoto hutamka neno mara nyingi bila kuona kwamba anasahihishwa, jambo ambalo kusoma ubaoni kwa zamu hakulifanyi.

*Katika Hisabati.* Gawa darasa mafungu matatu na hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Fungu la kwanza lipige kofi kwenye moja peke yake. Fungu la pili lipige kwenye moja na tatu. Fungu la tatu lipige kwenye kila namba. Endelea mpaka yatulie pamoja. Kisha uliza: katika muda wa kofi moja la fungu la kwanza, fungu la tatu limepiga mangapi? Manne. Basi kofi moja la fungu la tatu ni sehemu gani ya muda huo? Hapo ndipo uandike robo ubaoni, halafu nusu kwa fungu la pili. Watakuwa wameisikia sehemu kabla ya kuiona.

*Katika utulivu.* Wimbo mfupi wa kuingilia, mwingine wa kugawana vitabu, mwingine wa kumaliza, hupanga darasa kubwa bila fimbo na bila kupayuka. Zibadilishe kabla hazijachuja.

Lakini jihadhari. Wimbo usiofuatwa na kazi ni burudani tu. Kila unapoimbisha, jua ni kitu gani watoto watakiweza baada ya wimbo ambacho hawakukiweza kabla yake. Ukikosa jibu, fundisha kwa njia nyingine siku hiyo.

8. Neno kwa walimu na wakuu wa shule

Ninyi ndio mnaokiona kipaji hiki kwanza. Msiwape wanafunzi wenye sauti nzuri nafasi ya kuimba tu. Wapeni pia fungu la kufundisha, alto au besi, kisha mketi nyuma mtazame. Zungusheni nafasi ya uongozi ili wakimya nao waonekane. Mwalikeni ningi wa jirani aje kuzungumza na wanafunzi jinsi anavyotunga. Mkijiandaa kwa fani za ndani za mashindano ya shule, UMITASHUMTA au UMISSETA, msikodi mkufunzi wa kuja kufanya kila kitu. Mwacheni mwanafunzi ajifunze kando yake. Na mkimwona anayefundisha vizuri, mwambieni wazi: unaweza kuwa mwalimu. Mtoto wa mkulima aliyezoea kusifiwa sauti yake tu huenda hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Mpango wa muhula mmoja

Mwezi wa kwanza, jibu maswali ya kujipima, anza d, m, s, na umwendee mzee mmoja akufundishe wimbo. Mwezi wa pili, fundisha watoto wimbo mmoja kwa hatua nane na ujaze daftari kila baada ya zoezi. Mwezi wa tatu, kaa na mwalimu wa taaluma kuhusu masomo, fuatilia cheti cha kuzaliwa, na zungumza na wazazi.

Muhula ukiisha, soma daftari lako mwanzo hadi mwisho. Ukikuta kurasa nyingi zinasimulia jinsi ulivyoimba wewe, endelea na muziki kwa furaha na utafute taaluma nyingine itakayokufaa. Ukikuta zinamsimulia mtoto aliyekuwa akipotea kwenye mstari wa tatu, na ulivyohangaika mpaka akaupata, jaza fomu za ualimu. Shule za Simiyu zina watoto wengi wanaomsubiri mtu wa aina hiyo.